Barua ya Kazi na Ufundi wa Mikono: Mhadhara kwa Wafanyakazi Vijana

 

Nimeombwa kuzungumzia miaka ya kwanza ya kazi. Wasemaji wengi wa mada hii huwaletea vijana habari za mabilionea wa ng'ambo walioacha masomo wakaanzisha kampuni. Habari hizo zinasisimua, ila wengi wenu hamkuanzisha kampuni. Mmeajiriwa. Mna mkubwa anayewapa kazi, mna mshahara wa mwisho wa mwezi, na mna mkataba ambao baadhi yenu hamjausoma hadi ukurasa wa mwisho. Kwa hiyo nimewachagulia mtu wa mshahara kama ninyi. Aliomba kazi, akanyimwa, akapata nyingine, akapanda cheo, akagombania marupurupu, kisha akajikuta nje ya orodha ya wafanyakazi akiwa na watoto watatu. Mnamjua kwa miti. Profesa Wangari Maathai alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, na tangu hapo tumezoea kumtazama akiwa juu tayari. Mimi nataka tumtazame alipokuwa mfanyakazi wa chuo kikuu hapa Nairobi, kwa sababu miaka ile ina mafunzo ambayo tuzo imeyafunika.

Alirudi kutoka Marekani Januari 1966, akiwa na miaka 25. Shahada ya kwanza ya biolojia alikuwa ameipata mwaka 1964 katika chuo cha watawa cha Mount St. Scholastica, mjini Atchison, jimbo la Kansas. Shahada ya uzamili aliisomea Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Alirudi akijua kwamba kazi inamsubiri, maana alikuwa ameteuliwa kuwa msaidizi wa utafiti wa profesa mmoja wa zoolojia katika chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970. Alipokwenda kuripoti aliambiwa nafasi ile amepewa mtu mwingine. Yeye mwenyewe aliamini kwamba aliondolewa kwa ajili ya kabila lake na kwa sababu ni mwanamke.

Nimekaa miaka mingi kwenye meza ya mahojiano ya kazi, na nimeona kwamba jambo kama hilo likimpata kijana, humfanya aamini mojawapo ya mambo mawili. Ama elimu haina maana na kinachotakiwa ni kujuana na watu, ama yeye mwenyewe hafai. Wangari hakushika lolote kati ya hayo. Alikwenda kutafuta mtu mwingine mwenye haja na kile alichokijua.

Alijua nini? Hapa nataka tutulie, kwa sababu ndipo penye kiini cha maneno yangu yote. Pittsburgh alikuwa amejifunza kazi ya mikono: kuandaa tishu za wanyama, kuzikata vipande vyembamba mno, kuzitia rangi, kuziweka chini ya hadubini na kuzisoma. Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani kutoka Chuo Kikuu cha Giessen, alikuwa katika Idara ya Anatomia ya Mifugo ya chuo kile kile kilichomnyima Wangari kazi, na alihitaji mtu mwenye ujuzi huo hasa. Akamchukua. Nafasi ya kwanza iliyeyuka kwa uamuzi wa mtu mmoja, lakini hakukuwa na mtu yeyote chuoni aliyeweza kuyeyusha kile ambacho vidole vya Wangari vilikuwa vimezoea kufanya.

Sikilizeni na hili. Kule Kansas, pamoja na biolojia, alikuwa amesoma Kijerumani. Binti wa Nyeri katikati ya mashamba ya Marekani akisoma Kijerumani. Wapo ambao wangemwambia anapoteza wakati. Mwaka 1967, kwa kuhimizwa na Hofmann, alikwenda Ujerumani kuanza masomo ya udaktari, akasoma Giessen na Munich. Mwaka 1971 alipata shahada ya uzamifu hapa Nairobi, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kufika hapo. Mwaka 1976 alikuwa mwenyekiti wa idara aliyoingia akiwa msaidizi.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwenu ni hili: ni kazi gani moja unayoweza kuifanya tangu mwanzo hadi mwisho, peke yako, na mkubwa wako akaipokea bila kuirudia? Nauliza moja tu. Mhasibu kijana huniambia anajua programu nane za hesabu, lakini nikimpa taarifa ya benki na vitabu vya kampuni azilinganishe mpaka shilingi ya mwisho, anatafuta mtu wa kumsaidia. Mhandisi ana vyeti vinne vya kozi za wikendi, na hajawahi kusimama kwenye eneo la ujenzi na mchoro mkononi akagundua mwenyewe kwamba nguzo imewekwa mahali pasipo pake. Vyeti ni vizuri. Lakini cheti kinasema ulihudhuria, na mwajiri anataka kujua kama anaweza kukuachia jambo akaenda nyumbani akalala. Mkifika miaka mitatu kazini bila kuwa na jambo moja la namna hiyo, simamisheni mengine yote mlitafute.

Ufundi huo nani atawafundisha? Mara nyingi si bosi. Ni fundi wa maabara aliyeanza kazi kabla hamjazaliwa. Ni karani wa masijala anayejua kwa nini faili fulani halitoki bila sahihi mbili. Ni dereva aliyewapeleka wakaguzi katika kila kaunti na kusikia walichokuwa wakizungumza njiani. Watu hawa hawana vyeo vya kuandikwa kwenye kadi, na vijana wenye digrii huwapita kwenye korido bila hata kuwaamkia. Ni kosa la adabu, kwanza, na adabu kwetu haijapitwa na wakati. Ni hasara pia. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Wewe mgeni unakuja na ujuzi wa kompyuta ambao mzee yule anauhitaji, basi kaa naye umsaidie kwa moyo mweupe, tena mbele ya watu bila kumwaibisha. Yeye atakupa kile ambacho hakikuandikwa popote. Kuuliza si ujinga, na katika mwaka wa kwanza kila mtu anategemea uulize. Mwaka wa nne ukiuliza swali lile lile, watu wataanza kutazamana.

Niseme pia kuhusu habari mbaya. Kosa la Jumatatu likiripotiwa Jumatatu hurekebishwa kwa simu moja. Likifichwa hadi Ijumaa huhitaji kikao, barua, na pengine wakili. Nimeona vijana hodari wakipoteza kazi, na katika visa vingi nilivyovishuhudia kilichowaondoa si kosa lenyewe bali zile siku walizokaa nalo kimya. Nenda kwa mkubwa wako ukiwa na mambo matatu: kilichotokea, ulichokwisha kufanya, na unachopendekeza. Akikasirika, mwache akasirike. Hasira ya siku moja inapita; akigundua mwenyewe baada ya wiki mbili, hatakuamini tena hata ukisema kweli.

Andikeni. Mali bila daftari huisha bila habari, na kazi nayo ni vivyo hivyo. Mkitoka kwenye mazungumzo ambamo mmepewa maagizo, tumeni ujumbe mfupi wa kuthibitisha: tumekubaliana hivi, nitamaliza siku fulani. Msione haya kuandika kumbukumbu za vikao. Anayeandika kumbukumbu ndiye anayejua nani aliahidi nini, na baada ya mwaka mmoja anaielewa taasisi kuliko waliokuwa wakizungumza. Ila nina neno na wanaume waliomo humu. Katika ofisi nyingi kazi hiyo, pamoja na kuagiza chai na kununua keki ya siku ya kuzaliwa, huangukia wasichana, kana kwamba walizaliwa na kalamu na birika mkononi. Ifanyeni kwa zamu. Kijana wa kiume anayeomba mwenyewe kuandika kumbukumbu hupata faida, na humwondolea mwenzake mzigo usio wake.

Tukiacha ufundi, tuje kwenye karatasi. Msije mkanielewa kwamba barua ya kazi haina maana kwa kuwa uteuzi wa Wangari haukumsaidia. Mwaka 1966 hakuwa na sheria mliyo nayo ninyi. Leo Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 41, inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa uadilifu kazini, na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaeleza haki hiyo kwa lugha ya kila siku. Isomeni. Inasema mkataba wa kazi wa miezi mitatu au zaidi lazima uandikwe, na mwenye wajibu wa kuuandika ni mwajiri. Ukienda mahakamani na mwajiri hana mkataba wa kuonyesha, ni yeye anayebeba mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini. Muda wa majaribio hauzidi miezi 6, na kuurefusha kunahitaji ukubali. Likizo ya mwaka si chini ya siku 21 za kazi. Kabla ya kufukuzwa kwa utovu wa nidhamu au kwa kutoweza kazi, unapaswa kuelezwa sababu kwa lugha unayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama utakayemchagua, na usikilizwe.

Najua mnachofikiri. Kijana aliyehangaika miaka miwili kutafuta kazi ataanzaje kumwuliza mwajiri kuhusu vifungu? Woga huo nauheshimu, kwa sababu una njaa nyuma yake. Lakini kuusoma mkataba hakuhitaji ruhusa ya mtu. Omba siku moja, nenda nao nyumbani, usome, na urudi na maswali mawili ya kawaida: nitathibitishwa kazini lini, na kwa vigezo gani? Mwajiri anayekunyima siku moja ya kusoma amekueleza mengi kuhusu mahali unapokwenda.

Wanagenzi mliomo humu, suala lenu liko peke yake, na linaniuma. Uanagenzi ni jambo jema ukiwa na mwalimu, muda maalumu na mwisho unaojulikana. Lakini umegeuzwa mahali pengi kuwa njia ya kupata kazi kamili kwa posho. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Leba iliamua kwamba Tume ya Huduma za Walimu ilikiuka haki za walimu waliofuzu na kusajiliwa ilipowaajiri kama wanagenzi katika shule za sekondari msingi. Walikuwa wakifundisha vipindi kama walimu wengine huku wakilipwa Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Mwaka huo huo madaktari wanagenzi walikuwa katikati ya mgomo wa kitaifa, wakipewa Sh70,000 mahali ambapo mkataba wa pamoja wa mwaka 2017 ulitaja zaidi ya Sh206,000. Nayataja haya ili mwanagenzi aliye katika ofisi ndogo, asiye na chama wala wakili, ajue kwamba swali lake si la utovu wa shukrani. Jiwekee mpaka wako. Baada ya miezi sita uliza, kwa adabu na kwa maandishi, kama kuna nafasi. Jibu lisipokuja, anza kutafuta ukiwa bado ndani.

Wangari naye alikuwa na mgogoro wa masharti ya kazi, na jinsi alivyouendea ndivyo ningependa muige. Wahadhiri wanawake hawakuwa wakipata marupurupu sawa na wenzao wa kiume: nyumba, bima ya matibabu, pensheni. Mwanamke aliyeolewa alichukuliwa kuwa mume wake ndiye wa kumtunza. Wangari na mwenzake Vertistine Mbaya, mtaalamu wa biokemia, walilipeleka jambo hilo mbele, hata kufikia hatua ya kutaka kukigeuza chama cha wahadhiri kiwe chama cha wafanyakazi chenye uwezo wa kujadiliana na mwajiri. Mahakama iliwakatalia. Hata hivyo, mengi kati ya madai yao yalikuja kutimizwa baadaye.

Tazameni namna ya mapambano yale. Walikuwa wawili. Walijua hasa wanachodai, kitu kwa kitu, bila malalamiko ya jumla kwamba hapa wanawake tunaonewa. Na walipitia chama kilichokuwapo. Kijana wa leo akiona mshahara wa mwenzake umezidi wake kwa kazi ile ile, huandika ujumbe mrefu wa hasira kwenye kikundi cha WhatsApp cha ofisi saa tano za usiku. Sheria iko upande wake, kwa sababu inadai malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Lakini ujumbe ule wa usiku ndio utakaojadiliwa, si mshahara. Lala kwanza. Asubuhi kusanya ushahidi, tafuta mwenzako mmoja wa kuaminika, na mpeleke jambo lenu mahali panapohusika.

Kwa unyanyasaji wa kijinsia sisemi lala kwanza. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa na sheria awe na sera ya maandishi kuhusu jambo hilo, inayoeleza pa kupeleka malalamiko. Andika tarehe, saa, mahali, maneno yaliyosemwa na aliyekuwapo, siku hiyo hiyo. Hifadhi ujumbe wote nje ya simu ya kazi. Mwambie mtu. Hakuna cheo duniani, wala barua ya kupandishwa, inayolipia utu wa mtoto wa mtu, na mkubwa anayekwambia kwamba ndivyo kazi zilivyo anakudanganya.

Sasa nije kwenye kupe. Katika miaka ya utafiti wake, Wangari alishughulikia ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe na ambao umewamaliza ng'ombe wengi wa Afrika Mashariki. Kazi ilimtaka atoke maabara aende mashambani nje ya Nairobi kukusanya kupe. Hakuna aliyemtuma kutazama kingine. Lakini alipokuwa huko aliona mito imejaa udongo uliomomonyoka, akaona ng'ombe waliokonda, akaona ardhi iliyovuliwa nyasi na miti. Alipoweka mambo hayo pamoja na yale aliyoyasikia kwa wanawake wa vijijini kuhusu kuni na maji, alifikia hitimisho kwamba mifugo na watu wale walikuwa na tishio kubwa kuliko kupe. Tarehe 5 Juni 1977, katika uwanja wa Kamukunji hapa Nairobi, yeye na wenzake wa Baraza la Kitaifa la Wanawake walipanda miti saba. Huo ndio mwanzo wa vuguvugu lililokuja kuitwa Green Belt.

Huwa nalirudia jambo hili kila ninapokutana na kijana anayelalamika kwamba kazi yake ni ndogo, kwamba anaingiza takwimu tu, kwamba anapeleka barua tu. Kukusanya kupe si kazi ya fahari. Aliyekusanya kupe akitazama kupe peke yake alirudi na kupe. Wangari aliwakusanya akitazama na mto, na akili yake ya mwanasayansi haikumruhusu kuyaacha maswali yale kwa kuwa hayakuwa kwenye ratiba ya utafiti. Wewe unayeingiza takwimu za hospitali, umewahi kujiuliza kwa nini wodi fulani hurudisha fomu zikiwa nusu? Unayeshughulikia madai ya bima ya mazao, umewahi kumwona mkulima mmoja kwa macho yako? Omba kwenda. Katika kila ofisi kuna safari ambazo wakubwa wamezichoka: kwenda kaunti ya mbali, kwenda ghalani, kwenda kaunta ya wateja siku yenye foleni. Zichukueni. Mtu aliyeona kazi yake inapofikia, kule mwisho kwa mwananchi, hafanani tena na aliyeisoma kwenye jedwali.

Lakini mwaka 1982 yalimkuta Wangari mwenyewe. Kiti cha ubunge katika eneo la kwao Nyeri kilikuwa wazi, naye akaamua kugombea. Sheria ilimtaka ajiuzulu chuoni kwanza, akajiuzulu. Kisha akaondolewa kwenye kinyang'anyiro kwa hoja kwamba hakuwa amejisajili upya kuwa mpigakura kabla ya uchaguzi wa mwaka 1979. Alikwenda mahakamani, akashindwa. Alipoomba kurudishiwa kazi yake, chuo kilikataa. Na kwa kuwa alikuwa akiishi katika nyumba ya chuo, na sasa hakuwa mfanyakazi tena, alitolewa katika nyumba. Profesa mshiriki, aliyekuwa mwenyekiti wa idara, baada ya utumishi wa miaka 16.

Alikwenda wapi? Alihamia katika nyumba ndogo aliyokuwa ameinunua miaka kadhaa kabla, alipokuwa bado na mshahara na bado akiishi kwa mwajiri. Naomba mlishike hilo, kwa sababu tunapomsimulia Wangari tunataja ujasiri wake na kusahau nyumba. Ujasiri ulihitaji mahali pa kulala. Akiwa hapo aliendelea na kazi ya Baraza la Wanawake huku akitafuta ajira, mpaka ushirikiano na chama cha misitu cha Norway ulipomwezesha kuwa mratibu wa Green Belt. Kufikia mwaka alipopewa Nobel, vuguvugu hilo lilikuwa limepanda miti zaidi ya milioni 30.

Basi tuzungumze pesa, bila haya. Mshahara wa kwanza wa kijana wa Kiafrika si wake peke yake. Kuna karo ya mdogo wako, kuna dawa za mama, kuna michango ya matanga na ya harusi, kuna mjomba aliyeuza ng'ombe ili usome na ambaye hajasahau. Washauri wengi wa fedha huandika kana kwamba haya ni udhaifu wa kuondolewa. Mimi siamini hivyo. Jamaa ndio waliokufikisha hapo, na siku ukianguka ndio watakaokuokota. Lakini saidia kwa kiasi ulichokipanga. Kaa na wazazi mwanzoni kabisa, kabla mazoea hayajaota, uwaambie: mama, kila mwezi nitaleta kiasi hiki, na karo ya fulani ni juu yangu hadi amalize kidato cha nne. Mzazi anayejua hesabu yako atakulinda dhidi ya maombi ya watu wengine kuliko utakavyoweza wewe. Asiyeijua ataendelea kudhani unacho.

Sheria ya Ajira, katika kifungu cha 19, inasema makato yote hayapaswi kuzidi theluthi mbili za mshahara, ili mfanyakazi aende nyumbani na angalau theluthi moja. Wengi huichukua kuwa ruhusa ya kukopa mpaka ukingoni. Nimeona hati za mishahara za watu wa miaka 27 zilizobakiwa na theluthi hiyo kamili, na juu yake wana mikopo ya simu isiyoonekana kwenye hati. Mtu wa namna hiyo hawezi kukataa agizo baya. Akiambiwa asaini risiti ya bidhaa ambazo hazikufika, atasaini, kwa sababu mwezi mmoja bila mshahara utamwangusha. Jiunge na sako, weka hisa kidogo kidogo, na jenga akiba ya miezi mitatu ya matumizi kabla ya gari. Hakikisha pia kwamba makato yako ya NSSF na ya bima ya afya yanawasilishwa kweli. Wako waajiri wanaokata na kubaki nayo, na mfanyakazi hugundua akiwa hospitalini.

Nimalizie na kuondoka, maana wengi wenu mtabadilisha kazi mara kadhaa na hakuna anayewafundisha namna ya kutoka. Toa notisi kama mkataba unavyosema. Usihame na orodha ya wateja wala faili za mwajiri. Dai cheti cha utumishi: kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira kinamlazimu mwajiri akupe, kikionyesha ulianza lini, ukaacha lini, na ulifanya kazi gani. Kiombe kwa maandishi kabla ya siku yako ya mwisho, kwa kuwa ukishatoka kila mtu ana shughuli nyingine. Kisha tenga siku mbili uandike makabidhiano. Andika kila kazi ilipofikia, nani anasubiri nini, nywila ziko kwa nani, ni mteja gani hupokea simu asubuhi tu, ni mashine ipi hukwama na fundi yupi huijua. Mpelekee na yule karani wa masijala nakala yake, umuage kwa jina lake, na umwachie namba yako ili atakayekuja baada yako aweze kukupigia wiki ya kwanza.